Je, Wajua? Nyota Inayong'aa Kuliko Zote Si Moja, Ni Mbili!

Je, wajua kwamba nyota inayong'aa kuliko nyota zote za usiku hupita karibu kabisa na utosi wako, wewe uliyeko Afrika Mashariki? Dunia nzima huiita Sirius, na kwa Kiswahili jina lake ni Shira. Usiichanganye na Shira ya Kilimanjaro: ile ni mlima, hii ni moto mtupu!

Tuipate kwanza. Toka nje usiku wa Januari au Februari, utafute nyota tatu zilizojipanga kwenye mstari mmoja ulionyooka. Huo ni mkanda wa kundinyota la Jabari. Fuata mstari wake kuelekea kusini-mashariki na macho yako yatagota kwenye nyota nyeupe yenye ubuluu kwa mbali, kali, inayometameta kama ina haraka. Ndiyo hiyo. Huwezi kuikosa.

Sasa rudi kwenye ule mkanda, ufuate mstari uleule upande wa pili. Utakutana na nyota nyekundu iitwayo Dabarani, na ukisogea mbele kidogo, utafika kwenye Kilimia! Naam, Kilimia ileile ambayo wakulima wetu waliitazama kujua majira. Mstari mmoja tu, na umeshatembea nusu ya anga.

Unataka kujua saa? Mwanzoni mwa Januari, kwa aliye Dar es Salaam, Shira hufika juu kabisa karibu na saa sita na nusu usiku. Kila siku huwahi kwa dakika nne hivi, na dakika nne hizo kwa mwezi hugeuka saa mbili nzima. Ikifika Machi mosi, saa mbili na nusu usiku tayari iko kileleni, kabla hata watoto hawajalala.

Na ukiitafuta mwishoni mwa Juni? Hutaiona. Iko upande mmoja na Jua na inatua pamoja nalo. Subiri Agosti uamke alfajiri, utaikuta mashariki imekutangulia.

Je, wajua kwamba mtu wa London hafaidi nyota hii kama wewe? Kule, hata ikipanda mwisho wa uwezo wake, haizidi nyuzi 22 juu ya upeo wa macho, chini kabisa kwenye moshi na mapaa ya nyumba. Dar es Salaam inafika nyuzi 80! Na ukienda kaskazini kupita latitudo 73, haichomozi kamwe, mwaka mzima.

Lakini wenye bahati kuliko wote kwenye mwambao wetu ni watu wa Angoche, mji wa kale wa Waswahili huko Msumbiji. Shira hupita juu yao pasipokosea hata nyuzi moja kutoka utosini. Simama pale, inua uso moja kwa moja, na umetazama nyota kuu ya anga.

Hapo hapo kuna la ajabu zaidi. Shira huweza kuonekana mchana, kwa macho matupu! Masharti yake ni magumu: anga liwe safi kabisa, Jua liwe limeshuka karibu na upeo, na nyota iwe juu karibu na utosi. Ndiyo maana watu wa kusini wana nafasi kubwa zaidi ya kuiona hivyo kuliko watu wa Ulaya.

Umewahi kuiona ikibadilika rangi? Ikiwa chini karibu na upeo, humweka nyekundu, kijani, buluu, nyekundu tena, yote kwa sekunde chache. Nyota yenyewe haijabadilika hata kidogo. Ni hewa yetu inayotikisika ndiyo inayoupasua mwanga wake vipande vipande.

Sasa shika hii. Nyota tatu zinazong'aa kuliko zote usiku ni Shira, Suheli na Rijili Kantori, na zote tatu ziko nusu ya kusini ya anga! Katikati ya Aprili, saa tatu usiku, mtu wa Dar es Salaam anaweza kuziona zote tatu kwa pamoja akiwa amesimama mahali pamoja. Aliyeko London anaambulia Shira peke yake; Suheli na Rijili Kantori hazichomozi kwao milele.

Na tofauti kati ya ya kwanza na ya pili si ndogo. Shira inang'aa karibu mara mbili ya Suheli! Zinazoishinda Shira siku zote ni Mwezi na sayari za Zuhura na Mshtarii; Mirihi huishinda mara moja moja. Lakini hizo si nyota. Katika nyota, haina mpinzani.

Iko umbali gani? Miaka ya nuru 8.6. Kwa kilomita ni trilioni 81 na ushei: andika 81, halafu weka sifuri kumi na mbili!

Maana yake ni hii, sikiliza vizuri. Mwanga utakaokuingia jichoni usiku wa leo uliondoka Shira zaidi ya miaka minane iliyopita, na tangu hapo haujasimama hata nukta moja. Mtoto aliyezaliwa siku ile sasa yuko darasa la tatu, anasoma, anaandika, anabishana na wakubwa.

Chombo cha Voyager 2 kilirushwa kutoka Marekani mwaka 1977, na mpaka leo kinazidi kutokomea angani. Kitaipita Shira baada ya miaka 296,000 hivi. Na hata hapo hakitaifikia: kitapita kando yake kwa umbali wa miaka ya nuru 4.3, yaani nusu ya safari nyingine!

Kwa hesabu za nyota, hata hivyo, Shira ni jirani wa mlango wa pili. Siri ya mng'aro wa Shira ni ukaribu huo. Yenyewe hutoa mwanga mara 25 ya Jua, kiasi ambacho si kikubwa kwa nyota. Itazame Rigel, ile nyeupe kwenye mguu wa Jabari: inatoa zaidi ya mara 50,000 ya Jua, ila iko umbali wa miaka ya nuru 860 hivi. Ingesogezwa ikakaa pale ilipo Shira, usiku ungeona kivuli chako ardhini!

Na Jua letu je, lingewekwa pale ilipo Shira? Lingekuwa nyota ya kawaida tu, ya kuoneshwa kwa kidole. Jua hili hili linalotuunguza visogo!

Tugeuze sasa. Tuseme Shira imewekwa mahali pa Jua. Joto letu lingezidi mara 25, bahari zingechemka zikaisha. Ili tupate joto lile lile tulilolizoea, ingebidi Dunia ihamishwe mpaka karibu na ilipo Mshtarii, mara tano ya umbali wetu wa sasa.

Uso wa Shira una joto la karibu nyuzi 9,700 za Selsiasi, wakati wa Jua ni kama 5,500. Upana wake ni kilomita milioni 2.4, uzito wake mara mbili ya Jua. Weupe wake wenye ubuluu unatokana na joto hilo: nyota ikizidi moto, huacha unjano ikaelekea buluu.

Je, wajua kwamba Shira ni nyota changa? Ina takriban miaka milioni 240 tu. Jua lina milioni 4,600! Shira ilipowaka kwa mara ya kwanza, Jua na Dunia vilikuwa vimeshakuwepo kwa zaidi ya miaka bilioni nne.

Lakini itatangulia kufa. Nyota nzito hula kuni zake kwa pupa, na Shira itazimaliza kabla Jua halijamaliza zake. Haijabakiza hata miaka bilioni moja, wakati Jua lina bilioni tano hivi za kuendelea.

Haya, sogea karibu, maana tumefika penyewe. Nyota unayoiona kama nukta moja ni nyota mbili! Ile kubwa inayotuchoma macho ina mwenzake mdogo, hafifu mara 10,000, anayeizunguka kila baada ya miaka 50. Huwezi kumwona kwa macho, na hata kwa darubini nzuri mng'aro wa mkubwa humfunika.

Aliyegundua kwamba mwenzake huyo yupo hakumwona kabisa! Alikuwa Mjerumani, Friedrich Bessel, mpimaji hodari wa nyota huko Königsberg. Aliona kwamba Shira haisogei angani kwa mstari ulionyooka, bali inapepesuka taratibu huku na huku mwaka hadi mwaka. Mwaka 1844 akatangaza: kuna kitu kizito, kisichoonekana, kinaivuta.

Miaka miwili baadaye Bessel alifariki, na kitu chake hakijaonwa na mtu. Ilipita miaka 18 tangu tangazo lile.

Sasa tuingie kwenye karakana ya akina Clark, karibu na Boston, Marekani, usiku wa tarehe 31 Januari 1862. Baba, Alvan Clark, zamani alikuwa mchoraji wa sura za watu. Alianza kutengeneza darubini baada ya mwanawe George kuyeyusha vipande vya kengele ya shule iliyovunjika ili apate kioo cha darubini! Usiku huo walikuwa na lenzi mpya ya inchi 18.5, sentimita 47, kubwa kuliko lenzi yoyote ya darubini iliyokuwepo duniani. Mwana mwingine, Alvan Graham Clark, kijana wa miaka 29, aliielekeza kwenye Shira ili aone kama imesuguliwa sawasawa, kwa kuwa nyota kali hufichua kila kasoro ya kioo.

Akaona nukta ndogo ya mwanga pembeni ya Shira. Fundi yeyote angeshuku lenzi yake kwanza. Lakini lenzi haikuwa na kasoro. Nukta ile ndiyo kitu kile alichokitangaza Bessel, na kijana alikuwa ndiye binadamu wa kwanza kuona kile ambacho mwingine alikijua kwa hesabu tu! Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilimpa Tuzo ya Lalande mwaka huohuo.

Lenzi ile iliagizwa na Chuo Kikuu cha Mississippi, huko kusini mwa Marekani. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaanza mwaka 1861, na mzigo haukufika. Ikanunuliwa na watu wa Chicago, na mpaka leo iko hai kwenye Kituo cha Dearborn, Chuo Kikuu cha Northwestern.

Tena Bessel hakubahatisha mara moja tu. Alisema vivyo hivyo kuhusu nyota nyingine ya jirani, Procyon: nayo inapepesuka, nayo ina mwenzake. Mwaka 1896, nusu karne baada ya kifo chake, mwenzake Procyon akaonekana. Mbili kwa mbili!

Turudi kwa mdogo wa Shira. Wataalamu humwita Sirius B, na kwa miongo mingi walidhani ni hafifu kwa sababu amepoa. Mwaka 1915, kwenye kituo cha Mount Wilson, California, Walter Adams aliuchambua mwanga wake akakuta kinyume kabisa: ana moto mkali! Vipimo vya leo vinatoa nyuzi 25,000.

Umeliona tatizo? Kitu chenye moto kiasi hicho lazima kitoe mwanga mkali kwa kila kipande cha uso wake. Kama mwanga wote ukijumlishwa bado ni hafifu, basi uso wenyewe ni mdogo mno. Mdogo kiasi gani? Upana wa Sirius B ni pungufu kidogo ya ule wa Dunia!

Na uzito wake? Sawa na Jua. Ndiyo, umesoma vizuri: Jua zima limeshindiliwa ndani ya kitu kidogo kuliko Dunia.

Chota kijiko kimoja cha chai cha maada yake. Kijiko hicho kina uzito wa zaidi ya tani kumi! Adams alipotoa matokeo yake, wataalamu wengi walikiona kitu hicho kama upuuzi, na haikuwa rahisi kuwalaumu, maana hakuna kilichowahi kujulikana duniani chenye msongamano hata wa kukaribia huo.

Mvutano wa juu ya uso wake ni zaidi ya mara 350,000 ya huu wetu. Mtu wa kilo 70 angekuwa na uzito wa tani 24,500 pale. Asingesimama, angesambaa akawa utando mwembamba kuliko wowote.

Kitu cha namna hii huitwa nyota kibete nyeupe, na ni mabaki ya nyota iliyokwisha kufa. Sirius B haichomi kuni yoyote tena. Joto lake lote ni la zamani, linalovuja taratibu, na litaendelea kuvuja kwa mabilioni ya miaka.

Haya, nani alikuwa mkubwa zamani? Huyu mdogo! Alizaliwa na uzito wa takriban Majua matano, zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Kwa ukubwa huo aliishi haraka, akavimba kuwa jitu jekundu, akaitawanya sehemu kubwa ya mwili wake angani, kikabaki kiini kile kidogo. Mkubwa wa jana ndiye asiyeonekana leo.

Hayo yalitokea takriban miaka milioni 120 iliyopita. Sasa ziweke tarehe mbili pamoja. Dinosauri wakubwa ambao mifupa yao ilifukuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, waliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Wakati yule jitu wa shingo ndefu, ambaye leo amesimama kwenye jumba la makumbusho la Berlin kwa urefu wa zaidi ya mita 13, alipokuwa anatembea pwani yetu, Sirius B ilikuwa bado nyota hai!

Kuna kijana mwingine wa kukutajia. Mwaka 1930 Mhindi wa miaka 19, Subrahmanyan Chandrasekhar, alipanda meli kwenda Uingereza kusoma. Humo safarini alipiga hesabu za nyota kibete nyeupe akagundua kwamba zina kikomo: haziwezi kuzidi uzito wa takriban Majua 1.4, zikizidi hujiporomokea. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1983, miaka 53 baada ya safari ile.

Marekani iliporusha darubini ya eksirei angani mwaka 1999, iliipa jina lake: Chandra. Nayo ilipoelekezwa kwenye Shira, mambo yalipinduka! Katika mwanga wa eksirei, yule mdogo ndiye anayewaka, na Shira kubwa inakaa pembeni yake kama nukta hafifu. Laiti macho yetu yangekuwa ya eksirei, Sirius B ndiyo tungeijua.

Wawili hawa hawakai umbali mmoja. Kuna wakati husogeleana karibu kuliko Jua na Zohali, kisha huachana mpaka kupita umbali wa Jua na Neptuni. Mara ya mwisho kukaribiana ilikuwa 1994. Itakayofuata ni 2044, weka alama kwenye kalenda.

Tuwarudie watu wa kale, maana nao hawakulala. Wamisri waliipa nyota hii heshima ya mungu wa kike, Sopdet. Kila mwaka ilipotea mbele ya Jua kwa siku 70 hivi, kisha asubuhi moja ikachungulia mashariki kabla ya mapambazuko. Na siku hizohizo, mto Nile ulikuwa unaanza kufurika! Kwao nyota ilikuja na maji, na maji yalikuja na chakula.

Siku 70 hizo zilikuwa na uzito kwao kuliko unavyodhani. Kumtayarisha maiti wa kifahari awe mumia, tangu kufa mpaka kuzikwa, nako kulihesabiwa siku 70.

Mafuriko yale chanzo chake ni mvua za nyanda za juu za Ethiopia, kupitia Nile ya Buluu. Bwawa kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, mafuriko yalikoma. Nyota bado inafika kila mwaka. Maji ndiyo yaliyozuiwa.

Kalenda ya Wamisri ilikuwa na siku 365 kamili, bila mwaka mrefu. Kwa hiyo kila miaka minne ilipishana na Shira kwa siku moja. Unajua ilichukua muda gani kalenda na nyota kukutana tena? Miaka 1,460! Na walikutana kweli: mwandishi wa Kirumi Censorinus ametuachia habari kwamba ilikuwa hivyo mwaka 139.

Warumi nao waliamini kwamba Shira huongeza makali ya Jua wakati wa kiangazi chao, Julai na Agosti, wakaziita siku hizo siku za mbwa. Mbwa kwa sababu Shira iko kwenye kundinyota la Mbwa Mkubwa. Joto lao lilitokana na Jua peke yake. Shira haiwezi kukupasha hata ukucha.

Je, wajua kwamba Shira imetajwa kwa jina ndani ya Kurani? Fungua Surat An-Najm, aya ya 49. Wafasiri wameeleza kwamba kabila la Khuzaa, Waarabu wa kabla ya Uislamu, liliiabudu nyota hii, na aya inasema wazi ni nani aliye Mola wake.

Mabaharia wa Bahari ya Pasifiki waliitumia kama alama ya nyumbani. Tahiti iko latitudo ya nyuzi 17 na nusu kusini, na Shira hupita pale karibu na utosi kabisa. Nahodha akiiona inapita juu ya mlingoti wake, anajua kisiwa kiko ama mashariki ama magharibi yake, si kaskazini wala kusini. Mwaka 1976 Mau Piailug, nahodha wa kisiwa cha Satawal, aliongoza ngalawa kubwa ya Hokule'a kutoka Hawaii mpaka Tahiti kwa nyota, mawimbi na upepo, bila dira!

Ukiona bendera ya Brazil siku ya mpira, tazama lile duara la buluu. Nyota zake 27 zimewekwa kama anga la Rio de Janeiro la tarehe 15 Novemba 1889. Shira imo, nayo inawakilisha jimbo la Mato Grosso.

Hapa pana fumbo. Ptolemy, mtaalamu wa Aleksandria wa karne ya pili, aliiorodhesha Shira pamoja na nyota nyekundu! Leo ni nyeupe, na nyota haibadiliki rangi kwa muda mfupi hivyo. Wataalamu wameligombania neno lake kwa karne kadhaa, na wengi huelekea kusema alielezea mmeremeto wake inapochomoza.

Christiaan Huygens wa Uholanzi alitaka kuipima umbali katika karne ya 17, bila vyombo vya leo. Akachukua neli ndefu, akaiziba mwisho na kuacha kitundu kidogo mno, akalitazama Jua kupitia hapo, akazidi kukipunguza mpaka mwanga uliobaki ukafanana na wa Shira. Kisha akapiga hesabu: Shira iko mbali mara 27,664 kuliko Jua. Jibu sahihi ni kama 544,000, kwa vile yeye alidhani Shira inawaka sawa na Jua. Hata hivyo, mtu mmoja na neli yake aliweza kuonesha watu kwamba nyota ziko mbali kupita fikra, na kitabu chake kikatoka 1698, miaka mitatu baada ya kifo chake.

Umeshaambiwa kwamba nyota zimeganda mahali pake? Mwaka 1718 Edmond Halley, yule wa nyota-mkia, alilinganisha mahali pa Shira na kumbukumbu za Wagiriki wa kale. Ilikuwa imehama! Karibu nusu nyuzi, sawa na upana wa Mwezi mpevu, kwa muda wa karne 18 hivi. Kabla ya hapo, hakuna aliyethibitisha kwamba nyota hutembea.

Na inatembea kuja kwetu. Kila sekunde hutukaribia kwa kilomita 5.5, yaani karibu kilomita 20,000 kwa saa. Usikimbie: haitatugonga. Itaendelea kuongeza mng'aro kidogo kidogo kwa miaka 60,000 hivi, kisha itaanza kutuacha. Itashika nafasi ya kwanza kwa takriban miaka 210,000 ijayo, ndipo taji liende kwa nyota iitwayo Vega.

Na kabla ya Shira, nani alikuwa wa kwanza? Suheli! Ilivuliwa taji kama miaka 90,000 iliyopita, na walioishuhudia ikitamba walikuwa binadamu kama wewe na mimi.

Upana wa Shira ulipimwa mwaka 1956 huko Jodrell Bank, Uingereza, na unajua kwa kifaa gani? Vioo vya taa kubwa za kumulikia ndege za adui, zilizobaki kwenye Vita Kuu ya Pili! Robert Hanbury Brown na Richard Twiss walivielekeza viwili kwenye Shira, wakalinganisha jinsi mwanga wake ulivyotetemeka kwenye kila kimoja. Wenzao wengi wa fizikia walisema haiwezekani. Ikawezekana.

La mwisho ni jipya kabisa. Mwaka 2017 Sergey Koposov na wenzake walitangaza kwamba pembeni kabisa ya Shira, kwa sisi tunaotazama kutoka huku, kuna kundi zima la nyota ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliona! Liko nyuma sana, umbali wa miaka ya nuru 15,000 hivi, na mng'aro wa Shira ulikuwa umelifunika tangu darubini zilipobuniwa. Walilipata kwa kuzipitia hesabu za nyota moja moja zilizoorodheshwa na Gaia, darubini ya anga ya Ulaya iliyorushwa mwaka 2013, na wakaliita Gaia 1.